Ratiba ya king'amuzi ikikosea, pima kwanza imekosea kwa muda gani

Watu wengi hapa Tanga wakikuta king'amuzi kinasema tamthilia huku kwenye skrini kuna mpira, wanaamua papo hapo kwamba ratiba ile ni uongo mtupu, na hawaifungui tena. Wanajinyima chombo kizuri. Ratiba ya kwenye skrini hukosea kwa njia chache zinazojulikana, na kila njia huacha alama yake. Iliyopishana saa moja kamili ina ugonjwa tofauti na iliyopishana dakika saba, na isiyoonyesha kitu ina ugonjwa wake mwingine. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza chochote, shika simu inayojiwekea saa kutoka kwenye mtandao, itazame pamoja na ratiba, ujue pengo ni la kiasi gani na liko kwenye chaneli moja au zote.

Tangu mitambo ya analojia izimwe Tanga mwishoni mwa Januari 2013, mwezi mmoja baada ya Dar es Salaam, matangazo ya antena yanatufikia kama mtiririko wa data. Ndani ya mtiririko uleule unaobeba picha na sauti mna majedwali madogo yanayorudiwarudiwa. Moja linabeba tarehe na saa, jingine linabeba vipindi: jina, saa ya kuanza, urefu na maelezo mafupi. Katika mfumo wa matangazo ya kidijitali uitwao DVB, ambao ndio wetu, saa hizo zote hurushwa kwa UTC, saa ya kimataifa, yaani saa 3 nyuma ya saa za Afrika Mashariki. Kuongeza hizo saa 3 ni kazi ya king'amuzi. Taarifa ya habari ya saa 2:00 usiku hupita hewani ikiwa imeandikwa 17:00, king'amuzi kinaigeuza 20:00, nawe unaisoma saa mbili.

Hapo ndipo kosa la saa kamili linapozaliwa. King'amuzi kilichoachwa kwenye GMT+2, yaani kinachoongeza saa 2 badala ya 3, kitaionyesha habari hiyo saa 19:00. Dalili yake ni hii: ule mstari wa "kipindi kinachoendelea sasa" utabaki sahihi, kwa sababu saa ya king'amuzi na ratiba vyote vimerudi nyuma kwa kiasi kilekile, kinachopishana ni saa ya skrini na saa ya simu yako. Ingia kwenye menyu, tafuta mipangilio ya saa, weka GMT+3 au chagua Tanzania (orodha nyingine zina Nairobi tu, nayo ni sawa), acha saa ijichukulie yenyewe kutoka kwenye matangazo, na uzime kipengele cha saa za majira ya joto. Tanzania haibadilishi saa mwaka mzima, na kipengele hicho kikiwa kimewashwa kinaongeza saa moja isiyohitajika.

Ikiwa mstari wa "sasa" wenyewe umekosea kwenye kila chaneli, mara nyingi kuna mtu aliiweka saa kwa mkono. Rudisha iwe ya kujiweka yenyewe. Jedwali la saa hurushwa angalau mara moja kila sekunde 30, kwa hiyo hutasubiri sana.

Pengo la saa 3 kamili kwenye chaneli moja tu ni jambo jingine. Huko aliyeingiza ratiba aliandika saa za hapa kwetu mahali panapotakiwa UTC, ndiyo maana habari ya saa 2:00 usiku inaonekana saa 5:00 usiku. Hili huwezi kulitibu nyumbani. Usijaribu kusogeza saa ya king'amuzi ili ilingane na chaneli hiyo, maana utaziharibu zote zilizobaki pamoja na rekodi ulizozipanga.

Mpira wa Ulaya ndio unaowaumiza zaidi, hasa wenye vibanda umiza (kumbi za mtaani za kutazamia mpira) wanaoandika mechi ubaoni tangu asubuhi. Ulaya inasogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Sisi tunabaki palepale. Mechi inayoanza 15:00 kwa saa za Uingereza inatufikia saa 12:00 jioni wakati wa baridi yao, na saa 11:00 jioni wakati wa joto lao. Ile ya katikati ya wiki inayoanza 21:00 kwa saa za Ulaya ya kati ni saa 5:00 usiku wakati wa baridi na saa 4:00 usiku baada ya Machi. Ratiba inayotungwa kwa kunakili gridi ya wiki iliyopita hunaswa hapo hapo. Wiki ya kwanza baada ya Jumapili hizo mbili, usiandike ubaoni kwa kutegemea king'amuzi peke yake. Chukua saa ya uwanjani, igeuze mwenyewe kuwa yetu, kisha linganisha.

Usiku wa manane nao una mtego. Ratiba ya skrini hubadilisha tarehe saa 6:00 usiku barabara, lakini vituo vingi hupanga siku yao ya kazi kuanzia saa 12:00 asubuhi hadi saa 12:00 asubuhi. Filamu ya saa 6:30 usiku wa kuamkia Jumapili utaikuta chini ya Jumapili kwenye king'amuzi, huku tangazo la kituo likisema Jumamosi usiku. Anayepanga kurekodi kwa kufuata tangazo anakosea siku nzima. Soma tarehe pamoja na saa, kila mara.

Sasa yale mapengo ya dakika tano, kumi, ishirini. Hayana uhusiano na mipangilio yako. Mtambo wa kurushia matangazo pale kituoni unajua hadi sekunde kinachoendelea, lakini ratiba unayoisoma mara nyingi ni faili lililotayarishwa na watu wa mipango, likapelekwa kwa kampuni ya king'amuzi siku kadhaa kabla. Baada ya hapo hotuba inaingia, habari inarefuka, matangazo ya biashara yanaongezeka, na faili halijui. Mechi ya ligi pale uwanja wa Mkwakwani ikisogezwa siku mbili kabla, jedwali la wiki linaweza kubaki na siku ya zamani, hata kama Wagosi wa Kaya wote, mashabiki wa Coastal Union, wameshapata habari mitaani.

Soka linaonyesha vizuri jinsi nafasi isivyotosha. Dakika 45, mapumziko 15, dakika 45 nyingine: tayari ni 105 kabla ya dakika za majeruhi. Kituo kikiitengea mechi saa 2, zimebaki 15 kwa ajili ya majeruhi, uchambuzi na matangazo. Mechi ya mtoano ikienda muda wa nyongeza, ongeza 30, kisha penalti. Kila kipindi kinachofuata usiku huo kitasukumwa.

Mfumo wenyewe una dawa. Jedwali la "sasa na kinachofuata" ni tofauti na la wiki nzima, na kanuni za DVB zinataka lile la chaneli unayoitazama lirudiwe angalau kila sekunde 2. Ndani yake mna alama ya kusema kipindi hakijaanza, kinakaribia, kimesimama au kinaendelea. Wajerumani walikuwa na ishara ya aina hiyo kwa ajili ya mashine za kurekodi tangu 1985, enzi za kanda. Lakini alama hiyo kituo kisipoijaza kwa wakati, king'amuzi hakina cha kufuata isipokuwa saa. Ndiyo sababu ninashauri jedwali la wiki litumike kujua nini kipo, na lile la "sasa" lithibitishe kama kweli kimeanza.

Kwenye Ramadhani kuna jambo moja ninaloliombea umakini. Ratiba ya kituo cha taifa ina saa moja kwa nchi nzima, ilhali jua linazama Tanga zaidi ya nusu saa kabla ya Kigoma. Kipindi cha adhana au cha futari kilichoandikwa kwenye skrini ni nafasi ya kipindi tu. Futuru kwa adhana ya msikiti wako au kalenda ya mji wako.

Ratiba tupu, ile inayoandika "hakuna taarifa", ina sababu tatu kubwa. Ya kwanza ni umeme. Ving'amuzi vingi vya bei nafuu huhifadhi ratiba kwenye kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika, na ukirudi vinaanza kukusanya upya. Ya pili, masafa mamoja hubeba chaneli nyingi pamoja, na vipo ving'amuzi vinavyokusanya ratiba za zile zilizo kwenye masafa uliyopo tu. Kaa kwenye chaneli moja dakika 3 hadi 5, uhamie ya masafa mengine, ukae tena. Siku za mbali huchelewa kujaa kwa sababu hurudiwa kwa nafasi ndefu zaidi kuliko za leo.

Ya tatu ndiyo ya pwani: mawimbi hafifu. Picha inaweza kuvumilia makosa madogo, ukaona vijiraba vichache vikapita. Jedwali halivumilii. Kila kipande chake kina hesabu ya ukaguzi mwishoni, na hesabu ikikataa king'amuzi hukitupa kipande kizima na kusubiri mzunguko mwingine. Ndiyo maana unaweza kutazama bila shida kubwa huku ratiba ikiwa na matundu. Angalia kipimo cha ubora wa mawimbi, usidanganywe na kipimo cha nguvu pekee. Kisha panda juu uangalie kiungio cha waya, maana kwa nyumba za Raskazone au Pangani zinazopigwa na upepo wa bahari, chumvi huila shaba mapema. Waya uwe wa antena wa aina ya RG-6, wa omu 75. Kata sentimita chache hadi ufikie shaba inayong'aa, funga kiungio kipya, uti wa kati utokeze milimita 2 au 3 nje ya ukingo wake, hakikisha hakuna unyuzi wa ule wavu wa nje wa waya unaogusa uti huo, halafu zungushia utepe wa mpira usioingiza maji. Waya uteremke chini kidogo kabla ya kuingia ndani, ili maji ya masika yadondoke nje.

Ikitokea ratiba ya chaneli moja inasoma vipindi vya nyingine, huenda orodha yako ni ya zamani na chaneli imehamishwa. Futa orodha yote kwanza, kisha tafuta upya. Kutafuta bila kufuta huacha namba za zamani.

Kwa wanaorekodi kwenye fleshi: anza dakika 5 kabla na maliza 15 baada kwa tamthilia, 45 kwa mpira wa ligi, na saa nzima na nusu kwa mtoano. Chaneli inayotumia megabiti 3 kwa sekunde hula takriban gigabaiti 1.35 kwa saa. Fleshi iliyofomatiwa kwa FAT32 (mfumo wa kupanga mafaili) haipokei faili lenye zaidi ya gigabaiti 4, na chaneli ya HD ya megabiti 5 hufika hapo kabla ya saa 2 kutimia. Kama king'amuzi chako hakigawanyi faili, rekodi itakatika dakika za mwisho za mechi. Angalia pia rekodi mbili zisigongane kwenye zile dakika za akiba, kwani king'amuzi chenye kipokezi kimoja huua mojawapo.

Ukiwapigia huduma kwa wateja, taja jina la chaneli, tarehe, saa iliyoonyeshwa kwa mtindo wa 20:00, saa ambayo kipindi kilianza kweli, kama chaneli nyingine ziko sawa, na kama unatumia antena au dishi. Wakikuuliza kama umezima na kuwasha, waambie pia GMT yako iko kwenye ngapi.