Reli ya bustani iliyoliwa na majani: tanguliza behewa, injini ingoje

Zamu za kazi ughaibuni zinaweza kummeza mtu misimu minne bila kugusa reli ya treni ndogo za mfano aliyoitandika bustanini. Kisha siku moja watoto wanaona chuma kikichungulia majanini, na swali linafuata: hii treni bado inatembea? Kishawishi cha kwanza ni kukimbilia stoo, kutoa injini, kuiweka relini na kuwasha umeme. Usifanye hivyo. Itashtuka mara mbili, itasimama, na wewe utaishia kufungua injini isiyo na kosa lolote. Kwenye reli iliyotelekezwa, shida nyingi ziko chini: udongo umehama, viungio vimeshika kutu ya kijani, kokoto zimejaa kwenye njia panda, pale reli inapogawanyika. Kifaa cha kwanza cha ukaguzi ni behewa tupu, jepesi, na mkaguzi mkuu ni mtoto.

Reli ninazozungumzia ni zile za upana wa milimita 45, pamoja na treni za kipimo cha 1:22.5, yaani ndogo mara 22.5 kuliko treni halisi, ambazo chapa ya Kijerumani ya LGB ilianza kuziuza mwaka 1968. Zidisha 45 mara 22.5 na utapata kama mita 1, yaani upana ule ule wa reli ya zamani iliyotoka Mombasa na kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901. SGR, reli mpya ya kisasa ambayo watoto wameshaiona kwenye video, ina milimita 1,435. Waachie wapige hesabu hiyo wenyewe. Hapo pia ndipo pa kuwapa maneno: taruma (kile kipande kinacholala chini kukingama na kubeba reli), behewa, kichwa cha treni, stesheni. Mtoto ambaye Kiswahili chake ni cha salamu tu hulishika neno "taruma" upesi akiwa ameshika taruma lenyewe.

Kwanza punguza mtandao. Kama reli yako ilikuwa na mita 40, stesheni mbili na daraja, chagua mzunguko mmoja mdogo na uache mengine yalale. Mapinde, yaani vipande vya reli vilivyopinda, ya nusu kipenyo cha sentimita 60 huja vipande 12 kwa duara kamili. Ongeza vipande 8 vya sentimita 30, vinne kila upande, na una mzunguko wa karibu mita 6. Hiyo ni kazi ya wikiendi moja au mbili. Mita 40 ni kazi ya msimu mzima, na hakuna mtoto wa miaka 6 atakayengoja msimu mzima aone gurudumu likizunguka. Lakini mapinde ya sentimita 60 ni makali: injini ndefu na mabehewa marefu ya abiria hukwama au kuvutana nje. Kwa hayo unahitaji nusu kipenyo cha kama sentimita 120, vipande 16 kwa duara.

Majani yakatwe kwa mkasi. Mashine ya kamba ya kukatia nyasi hukata vishikio vya plastiki vinavyoshika reli kwenye taruma, na utagundua baadaye kabisa, reli ikianza kupanuka kwenye pinde. Mizizi iliyopita chini ya mataruma ikatwe pande zote mbili kisha ivutwe kwa ubavu. Ukiivuta juu unanyanyua reli. Usimwage chumvi kuua magugu, maana inakula shaba na skrubu. Dawa za magugu nazo hazifai mahali ambapo watoto watapiga magoti wiki nzima. Kuvumwani kwenye kokoto kunabanduka vizuri kwa mwiko mdogo baada ya mvua.

Sasa behewa. Mpe mtoto asukume kwa kidole kimoja, taratibu, mzunguko mzima, bila kukandamiza. Mkabidhi pia vijiti vyenye vitambaa: chekundu panapoacha reli, cha njano panapoyumba au kudunda. Azunguke mara tatu kwa upande mmoja, mara tatu kwa upande wa pili, kwa sababu kiungio kilichopanda kidogo hupitika kirahisi kutoka upande mmoja na kuangusha gurudumu kutoka upande mwingine. Behewa lazima liwe jepesi. Zito hujilazimisha kupita na kuficha kasoro. Kabla ya kuilaumu reli, pima behewa lenyewe: nafasi kati ya migongo ya magurudumu mawili ya ekseli moja iwe karibu milimita 40. Gurudumu la plastiki lililosogea kwenye ekseli yake litajaza bustani yote vitambaa vyekundu bure.

Kila penye kitambaa, weka pimamaji fupi kukingama reli mbili. Mtu huogopa sana mwinuko, lakini kinachoangusha treni zaidi ni msokoto: reli ya kushoto iko juu hapa, na sentimita 30 mbele ni ya kulia iliyo juu. Gurudumu moja hubaki hewani na kwenye pinde linapanda ukingo. Nyanyua taruma, sukuma kokoto chini kwa kijiti bapa, shindilia, pima tena. Mwinuko wa urefu uwe hadi sentimita 2 kwa kila mita. 3 inavumilika kwa treni fupi.

Kokoto zenyewe ziwe zimepondwa, zenye kona kali, za milimita 3 hadi 6. Changarawe za mviringo za mtoni zinapendeza machoni lakini hujiviringisha, na reli huelea juu yake kama iko kwenye gololi. Kama msingi wa zamani bado upo, tandaza unene wa sentimita 3 juu yake kwa upana wa sentimita 15. Kwa mita 10 hizo ni karibu kilo 70, mifuko mitatu ya kilo 25. Ukianza msingi mpya, chimba sentimita 10 na uweke kitambaa cha kuzuia magugu chini, ila hapo jiandae kwa zaidi ya kilo 200. Reli isifungwe kwa saruji. Katika nchi za baridi maji ya ardhini huganda na kuinua udongo. Reli inayoelea kwenye kokoto hurekebishwa kwa mkono, iliyojengewa hupasuka.

Joto nalo lina hesabu yake. Reli ya shaba ya njano, ile mafundi huita brasi, yenye urefu wa mita 10 hurefuka karibu milimita 7 ikitoka asubuhi ya nyuzi 5 hadi mchana wa jua, reli yenyewe ikifika nyuzi 40. Milimita 7 hizo zikikosa pa kwenda, reli inajikunja katikati. Kwa hiyo ukiunganisha siku ya baridi, acha nafasi ya milimita 1 kwenye kila kiungio cha vipande virefu.

Viungio ndipo umeme unapofia. Viungio vya kuchomeka vya zamani hulegea, maji huingia, kutu ya kijani hujaa ndani. Vitoe, sugua ncha za reli mpaka zing'ae, paka grisi inayopitisha umeme kidogo tu, kisha tumia vibano vya skrubu. Ila angalia kabla ya kutoa: kiungio cha plastiki kimewekwa hapo makusudi ili kutenganisha umeme, hasa pale reli inapozunguka na kujirudia yenyewe. Ukiweka kibano cha chuma badala yake unatengeneza shoti, na utaitafuta siku nzima. Vipake rangi nyekundu viungio vya namna hiyo siku unayoviona.

Kupima umeme kwa mita ya volti peke yake ni kujidanganya. Mita haivuti mkondo wowote wa maana, hivyo hata kiungio kibovu huonyesha volti zote. Weka mzigo: balbu ya gari ya volti 12, wati 21, inavuta karibu ampea 1.75, sawa na treni inayofanya kazi. Weka umeme wa volti 12, unganisha balbu mwisho wa mzunguko, kisha gusisha ncha za mita upande huu na upande ule wa kila kiungio kwenye reli moja. Kizuri kitasoma karibu sifuri. Kinachosoma nusu volti au zaidi ndicho mwizi wako. Mtoto wa miaka 9 anaweza kuifanya kazi hii vizuri kuliko mzazi, kwa sababu hachoki kusoma namba. Balbu hiyo inaunguza. Mtu mzima ndiye aishike.

Waya wa kulisha reli usiwe mwembamba. Kwa umbali wa mita 20 na ampea 3, waya wa milimita za mraba 2.5 hupoteza chini ya volti 1, wa 0.75 hupoteza karibu 3. Transfoma ikae ndani, pakavu, kwenye soketi yenye kinga ya miliampea 30 inayokata umeme ukivuja. Volti ndogo pekee ndizo zitoke nje.

Uso wa reli usuguliwe kwa dodoki la kijani la jikoni lililofungwa kwenye mpini mrefu, kisha upanguswe kwa kitambaa chenye alkoholi ya isopropili. Stilwaya ni marufuku: nyuzi zake huvutwa na sumaku ya mota na kuingia ndani ya injini. Msasa mkali nao huacha mikwaruzo inayokusanya uchafu upya. Kwenye njia panda, toa kijiwe kati ya ulimi (kile kipande kinachosogea kubadilisha njia) na reli kwa kijiti cha mbao, na kama mota yake imeingia maji, ifungue kabisa na uache mkono wa kugeuzia. Watoto hupenda zaidi kugeuza wenyewe.

Sasa tu ndipo injini inatoka stoo. Igeuze chali kwenye taulo na uguse betri ya volti 9 kwenye vigusio vya chini vinavyochukua umeme relini au magurudumu ya pande mbili. Ikizunguka, mota iko hai. Ikinguruma bila kuzunguka, usiilazimishe: mara nyingi ni grisi iliyoganda kuwa nta. Fungua kifuniko cha chini cha gia, safisha kwa mswaki mkuukuu, weka grisi inayokubaliana na plastiki, tone la mafuta kwenye ncha za ekseli. Dawa za kupuliza za kulegeza nati huondoa grisi, na baadhi huharibu plastiki. Angalia brashi za kaboni na springi za vigusio, halafu mpira wa gurudumu la kuvuta: ukipasuka, injini huteleza kwenye mwinuko na watu hulaumu reli. Kitoa moshi kizimwe mpaka kiwe na mafuta yake. Kikiwaka kikavu kinaungua.

Ukiona kusugua reli kila Jumamosi kutawachosha, hamia betri: pakiti ya lithiamu ya volti 14.8 ndani ya behewa la nyuma ya injini, fyuzi ya ampea 5 karibu na pakiti, na rimoti. Reli chafu basi si tatizo, viungio wala kutenganisha umeme havina maana tena. Kwa familia yenye muda wa wikiendi tu, mimi ningechagua hivi. Pakiti ichajiwe na mtu mzima, kwa chaja ya lithiamu inayosawazisha seli, isiachwe peke yake. Ukihamia betri, kata kabisa umeme wa reli: behewa la chuma huweza kuuunganisha na injini kwa bahati mbaya.

Watoto wataendesha kwa kasi yote iliyopo. Badala ya kugombana, zuia volti za juu kwenye kidhibiti na treni haitaruka pindeni. Wa miaka 4 wafagie majani na kupakia mabehewa, wa 8 wakaze vibano kwa bisibisi, wa 11 waunganishe waya ukiwa karibu. Skrubu, sumaku na betri za kifungo zisikae popote panapofikiwa na mdogo wa chini ya miaka 3.

Majira ya baridi yakikaribia, injini, mabehewa na betri viingie ndani, betri zikiwa na chaji ya nusu hivi. Reli inabaki nje. Taruma likigandia kwenye barafu, usilivute hata kama limepinda. Plastiki kwenye baridi hiyo huvunjika kama biskuti, na lile pinde litakungoja mpaka jua lirudi.