Pa kusikilizia samaki: kutoka Mikindani hadi Ghuba ya Mnazi

Kazi ya kuchagua eneo inakaribia kuisha, na nataka imalizike kabla kusi haijashika. Lengo ni lilelile: kutega maikrofoni ya majini usiku kucha na kunasa milio ya samaki wa huku kwetu Mtwara.

Ukiwauliza wavuvi, watakutajia penye samaki wengi, yaani milangoni mwa ghuba, mkondo unakokimbia. Kwa mshipi ni sawa. Kwa kusikiliza, mkondo ni adui. Milio mingi ya samaki ni mizito, chini ya hezi 1,000 (mitetemo 1,000 kwa sekunde), na maji yakipita kwa nguvu waya hutikisika na kuvuma humohumo. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, ndiyo usiseme.

Msangamkuu nimepaondoa. Boti zinavuka kutwa, meli zinaingia bandarini, na sauti majini husafiri kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya hewani. Mashine iliyo mbali, hata huioni, inajaza rekodi nzima.

Mikindani nimepapenda. Tope, mikoko, maji yametulia. Hongwe wapo, na aliyewahi kumvua anajua anavyokoroma akifika chomboni: husugua shina la mwiba wa ubavuni ndani ya tundu lake. Ila bildi, kamba yenye uzito ya kupimia kina, inaonyesha maji mafupi mno. Yakipwa sana, kifaa kitabaki juu ya tope. Nimepaweka akiba.

Ghuba ya Mnazi ndiyo iliyonishika. Kuna kipande cha matumbawe chenye mchanga pembeni, kwa hiyo uzito utakaa mchangani bila kuvunja kitu. Cha kwanza kusikika ni sauti ya kutatarika kama mafuta ya kukaangia: ni kamba wadogo wenye gando moja kubwa. Gando likifungwa kwa kasi hufanya kiputo, na kiputo kikipasuka ndipo mlio hutoka. Sehemu kubwa ya sauti yao ni nyembamba kuliko ile ya samaki, yenye hezi nyingi zaidi, hivyo naweza kuichuja. Mchana pono wanakwangua mwamba, kwaru, kwaru. Magharibi ilianza ngoma nzito, ya kukatikakatika.

“Hao chewa, mwanangu,” nahodha akasema.

Huenda. Chewa hupiga kibofu chao cha hewa kwa misuli, na mlio wao ni mzito hivyo. Lakini sitaandika jina mpaka nimwone samaki na kusikia mlio kwa pamoja. Kwa hiyo kamera inaingia kwenye bajeti.

Pwani hii imepigwa baruti miaka mingi, na mwamba uliolipuliwa hubaki kifusi, samaki hana pa kujificha. Ndiyo maana rekodi ya mwamba ulio hai naiona ni kitu cha kuhifadhi kwa bidii sasa hivi.

Eneo hili ni hifadhi ya bahari tangu 2000, hivyo kinachofuata ni kibali. Kikitoka, nasubiri maji mafu, siku ambazo maji hayajai wala kupwa sana, natega kabla ya magharibi na kuopoa asubuhi.