Siku moja jikoni kwangu Busia: sikungoji tena, Jumamosi

Saa 11:30 alfajiri. Kabla sijawasha taa, namulika chini ya meza kwa tochi ya simu. Mende hutembea gizani, wakifuata maji na makombo. Nikimkuta hata mmoja, najua jana usiku niliacha kitu. Leo hakuna.

Tunaishi vyumba viwili hapa Busia, upande wa Uganda, mimi na binti yangu wa miaka tisa. Jiko letu ni kona tu iliyotengwa kwa pazia, na sigiri, jiko la mkaa, inakaa nje barazani. Zamani nilikuwa naiacha kona hiyo wiki nzima nikingoja Jumamosi nifanye usafi mkubwa. Mwaka jana binti akaharisha siku nne. Muuguzi aliniuliza tunakunywa maji gani, nikamjibu: ya kuchemsha. Akaniuliza sponji ya vyombo naibadilisha lini. Nilikaa kimya. Tangu siku hiyo usafi wangu naufanya katika zile dakika za kungoja: chai ichemke, mkaa ushike, matoke yaive.

Saa 12 asubuhi. Mkaa unashika taratibu. Nachukua majivu ya jana, nayachanganya na maji kidogo mpaka yawe kama uji mzito, kisha naipaka sufuria kwa nje, chini na ubavuni. Ndani siyagusishi. Masizi yatashika majivu badala ya kushika sufuria, na jioni yote yatatoka kwa mpako mmoja wa maji na sabuni. Hili nilifundishwa na bibi yangu, na sijaona waya wa kusugulia unaolishinda.

Chai ikishaepuliwa, naweka motoni kopo la zamani lenye maji na kuchemsha sponji dakika tano. Sponji inanyonya mafuta na mabaki, na kwa kuwa haikauki, vijidudu vinazaliana humo. Baadaye naiminya na kuianika kwenye kichanja, juani, pamoja na kitambaa cha kufutia. Ikianza kunuka hata baada ya kuchemshwa, naitupa.

Saa 2 mpaka saa 11 niko kazini, kwenye ofisi ya kushughulikia mizigo inayovuka mpaka. Malori, karatasi, mihuri. Mchana nakula maharage na chapati kibandani.

Saa 11:15 jioni. Sokoni napitia samaki, ngege mmoja wa kututosha.
“Nikutolee magamba, dada?”
“Nitolee mama, na matumbo pia.”
Usafi wa jikoni kwangu unaanzia hapo. Magamba yakibaki sokoni, hayaji kunirukia ukutani na kukauka huko kama gundi.

Saa 12:15. Kazi ya kweli ni sasa. Kabla ya kumenya matoke najipaka mafuta ya kupikia mikononi na kwenye kisu, maana utomvu ukikauka unaacha weusi usiotoka kwa sabuni. Namenyea juu ya ndoo, siyo sakafuni. Maganda binti anayapeleka kwa jirani mwenye mbuzi, mara moja, yasilale ndani.

Matoke yakishafunikwa kwa majani ya mgomba, nina karibu saa nzima mkononi. Nina mbao mbili za kukatia: moja ya samaki na nyama, nyingine ya nyanya na mboga. Ile ya samaki naisuuza kwanza kwa maji baridi, kwa kuwa maji ya moto yanagandisha utelezi wa samaki na harufu inabaki. Kisha chumvi, nusu ya ndimu, nasugua kufuata mistari ya kisu. Halafu sabuni. Nafuta meza kutoka juu kushuka chini, nafagia, na mchuzi wa njugu bado haujaanza kutokota.

Saa 2 usiku tunakula. Sufuria ya njugu ikiwa tupu, naijaza maji hapo hapo, kabla sijakaa. Ikingoja asubuhi, itataka dakika ishirini za kusugua. Friji hatuna, kwa hiyo napika kinachoisha. Kikibaki, hakiliwi tena baada ya muda wa saa mbili.

Saa 3 usiku. Vyombo vinaoshwa vyote. Mara mbili kwa wiki mbao zile na beseni navipitishia Jik, dawa ya klorini, iliyochanganywa na maji baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, baada ya kuosha kwa sabuni na kusuuza vizuri. Dawa hiyo haifanyi kazi vizuri juu ya uchafu. Na tafadhali, dada zangu, msiichanganye kamwe na ndimu wala siki. Hewa inayotoka inachoma mapafu, na majiko yetu haya madogo hayana dirisha la kuitolea.

Nakausha meza, natoa takataka, nafunga mfuko wa sukari. Nyuma yangu nasikia pazia likisogea.

“Mama, jerikeni ya maji ya kunywa hujaifunika.”

Kweli. Naifunika.