Mahindi yakiwa marefu afande halali

Watu wakisikia jela wanafikiria ukuta mrefu, minara, bunduki, kama kwa sinema. Mimi nimelelewa laini, zile nyumba za askari wa jela, kwa jela ya shamba huku pande za Kakamega, na nakwambia ukuta hatukuwa nao, kulikuwa na waya tu na kuna pahali mbuzi walikuwa wanapita wakienda na kurudi wanavyotaka. Asubuhi wafungwa wanatoka na gangi, jembe begani, askari mmoja au wawili nyuma, wanalima mpaka kando ya barabara. Mtu akitaka kutoroka si angeenda tu? Na wengi hawakuenda, miaka na miaka. Hiyo kitu nimekaa nayo tangu utotoni na sikuwahi kuuliza, mpaka wiki hii niko nyumbani Malava tunapukuchua mahindi na mzee wangu, ambaye siku hizi ni mstaafu na ana maneno mengi kuliko wakati alikuwa na yunifomu.

Akaniambia, "Mama, huyo mtu hazuiwi na waya. Anazuiwa na rimisheni."

Yaani ni hivi. Ukifungwa miaka 3 na ukae vizuri, sheria ya magereza inakupunguzia theluthi, unafanya 2 unaenda kwenu. Ukitoroka ukashikwa (na utashikwa) hiyo unaweza kuipoteza, alafu unapelekwa kortini tena kwa sababu kutoroka ni kosa lake lenyewe, kifungu cha 123 cha kanuni ya adhabu, unaweza ongezwa mpaka miaka 2, na shamba hulioni tena, unapelekwa kwa jela ya kuta zenyewe. Ndo maana kwa shamba wanaweka wa vifungo vifupi na wale wamebakisha kidogo, watu wenye hesabu ya kupoteza. Askari naye kazi yake kubwa ni kuhesabu, asubuhi kabla ya kutoka, wakitoka, wakirudi, jioni kabla ya kufungiwa, wanachuchumaa watano watano na nambari isipolingana hakuna mtu anakula.

Lakini Julai, ah! Mahindi yakishapita kichwa cha mtu hakuna afande anatulia. Mtu anaomba ruhusa kwenda haja, anaingia mistari miwili mitatu, kwisha. King'ora kikilia sisi watoto tulikuwa tunafungiwa ndani na kina mama wa kijiji kizima wanakimbia kuanua nguo, maana mtu wa nguo za milia kitu cha kwanza anatafuta ni suruali ya mtu. Nilidhani wanawakimbiza porini na mbwa, kumbe baba anasema mara nyingi walikuwa wanaenda tu kumngojea kwao. Karibu wote wanaenda nyumbani! Hapo nilicheka, alafu nikaacha kucheka.

Sasa kwa nini mtu amebakisha miezi mitatu, minne, anakimbia? Mimi ningesema ni mjinga. Baba akasema wajinga ni wachache, wengi ni habari ya nyumbani au ni deni. Habari ya nyumbani unaijua, mgeni amekuja kumtembelea akamwambia ndugu yako anauza shamba, bibi ameenda, mama amelazwa, na wewe uko hapo na jembe la serikali. Deni nalo ni la bangi.

Bangi kwa jela ya shamba haihitaji ujanja mkubwa. Rafiki wa nje anakuja usiku anaweka chini ya jiwe kwa mtaro, kesho gangi inapalilia hapo hapo, mtu anaokota. Inaingia ndani kwa soli ya ndala, kwa pindo la kaptula, kwa mpini wa jembe uliotobolewa, na jioni hata ukiwasachi wote uchi utapata kidogo tu, maana aliyebeba si mwenyewe, mwenyewe hata hajatoka nje siku hiyo. Inauzwa msokoto kwa msokoto. Pesa hairuhusiwi kwa hivyo unalipa na sabuni, sukari, mkate, na tangu simu za kabambe ziingie ndani ni dada yako huko nje anaambiwa atume M-Pesa kwa nambari fulani. Usipolipa deni linazaa. Na wewe na anayekudai mnalala wodi moja, mlango umefungwa mpaka asubuhi. Huyo mtu akiona mahindi marefu sijui mimi ningemwambia nini.

Niliwahi kusoma Uingereza nao wana jela za wazi, karibu hazina uzio, na kule pia madeni ya madawa yanatajwa sana kwa wanaokimbia. Ile ya Ford, siku ya mwaka mpya 2011, askari walitaka kupima watu pombe kwa pumzi, usiku, askari wenyewe wachache mno kwa mamia ya wafungwa, majengo yakachomwa. Na kuna hii ya kupima wafungwa mkojo kuona nani ametumia madawa, wakaanza katikati ya miaka ya 90. Bangi inaweza kukaa kwa mkojo wa mvutaji sugu wiki kadhaa, heroini siku chache tu. Fikiria wewe mwenyewe mfungwa mjanja atachagua gani. Baba kusikia hivyo akaweka gunzi chini, akasema sisi tulipima na pua.

Nikamkumbusha jela ya Kamiti 2021. Kuta zote zile, na wafungwa 3 wa kesi za ugaidi wakatoka Novemba 15, zawadi ikatangazwa milioni 60, wakashikwa Kitui siku tatu baadaye, mkuu wa magereza tayari amefutwa na askari kadhaa wamekamatwa. Ukuta haukusaidia. Ndo nikamuuliza baba, na nyinyi mkiingia kazini mlikuwa mnasachiwa na nani? Akasema, "Tulikuwa tunasachiana." Akajifanya ameona hindi limeoza.

Mama alikuwa anapepeta hapo kando, akadakia bila kuulizwa. "Sisi wa laini tulijua nani anaingiza. Mshahara wao ulikuwa mmoja, na kuna nyumba inabadilisha sofa kila Krismasi. Hakuna mkubwa hata mmoja alikuja kutuuliza."

Baba akamwambia wangemuuliza angemtaja nani, na mwenye sofa ndiye alikuwa mkubwa mwenyewe.