Visanduku

"Wewe na visanduku vyako," mama aliniambia Jumapili, wala hakucheka.

Nilikuwa nimemnunulia kile kidude cha plastiki chenye vyumba saba, kimoja kwa kila siku ya wiki, nikamimina humo vidonge vyake vya presha na vya sukari. Vile vibahasha vya khaki vilivyokunjamana nikavitupa. Akakitikisa karibu na sikio, ndipo akasema hivyo. Nikajua tumesharudi Tongoni, kwenye ngalawa ya babu, mwaka 1993. Mama hakuwamo ngalawani, lakini alisimuliwa, na hasahau.

Babu ndiye baba yake. Alikuwa na kopo la maziwa ya unga, lile kubwa, kifuniko kimeliwa na kutu, na humo ndimo vilimokaa vitu vyake vyote vya kuvulia. Ndoana zilichomekwa kwenye kipande cha soli ya ndara, kubwa na ndogo pamoja, bila mpango wowote, nilivyoona mimi. Chubwi za kuzamishia mshipi, alizoziyeyusha mwenyewe kutoka kwenye risasi ya betri mbovu ya gari, alizifunga kitambaani. Palikuwa na vipande vya waya wa breki ya baiskeli kwa ajili ya nguru, maana nailoni tupu nguru anaikata kama uzi wa cherehani. Juu ya yote, tambara lililolowa mafuta ya nazi, ndoana zisile kutu. Hata hivyo zilikula. Mpaka leo nikinusa mafuta ya nazi yaliyochacha, vidole vyangu vinajikunja vyenyewe.

Mimi nilikuwa darasa la nne, likizo ya Desemba, tena mtoto wa mjini. Jirani yetu Tanga alikuwa mpiga picha, akanipa vikopo vya filamu kama ishirini, vyeusi, vifuniko vya kijivu. Vinabana vizuri, maji hayaingii. Mchana mmoja babu amelala, nikazichomoa ndoana zote, nikazipanga kwa ukubwa, kila kikopo na yake, nikabandika plasta na kuandika namba. Nilidhani namba za ndoana zinakwenda kama za viatu, kwa hiyo kubwa kabisa nikaipa 14. Kumbe ni kinyume: namba 14 ni ndogo kuliko namba 8. Soli ya ndara nikaitupa jaani.

Babu alipoamka aliitazama ile safu ya vikopo kwa muda.

"Mume mwenzangu," akasema, "umefanya kazi."

Basi. Hakuniambia kwamba herufi alizozisoma yeye ni za Kiarabu, wala kwamba ndoana zake hazikuwa na namba bali majina: ya tasi, ya changu, ya chewa. Usiku huohuo akanichukua baharini.

Ilikuwa giza la mwezi. Tukatia nanga ndani ya mwamba, tukashusha mishipi. Haikupita muda, mshipi wa babu ukakatika.

"Nipe ya changu."

Tochi yangu betri zilikuwa zimechoka, mwanga wake kama wa kijinga cha sigara. Nikafungua kikopo cha kwanza: kubwa mno. Cha pili: chubwi. Cha tatu mikono imelowa utelezi wa chambo, kifuniko kinateleza, nikakibana kwa meno. Nikasikia babu anapumua puani. Samaki wanakula, na yeye ameshika mshipi usio na kitu. Nikaona dawa ni kuvifungua vyote nivipange mapajani. Nikavifungua vyote. Ikaja wimbi moja tu, wala si kubwa.

Sauti yake naikumbuka kuliko kitu chochote cha usiku ule. Ndoana zikidondoka kwenye mbao za ngalawa hazigongi. Zinanyunyiza, kama mchele unaomwagwa kwenye ungo.

"Usinyanyuke," babu akasema taratibu. "Pandisha miguu."

Tulikuwa peku sote wawili. Nikapandisha miguu ukingoni, yeye akaiegemeza yake kwenye mti wa tengo, ule unaokatiza juu ya ngalawa, tukakaa hivyo kama watu waliokwepa mafuriko. Mshipi wangu mimi ulikuwa bado mzima, akaniomba kwa ishara ya mkono, akaendelea kuvua nao. Kila changu aliyempandisha alirukaruka kule chini, anyamaze akiwa amevaa ndoana tatu za ziada. Samaki wa nne babu akaguna. Sijui hadi leo kama ile ilikuwa hasira au kicheko. Miguu ilikufa ganzi, nikataka kulia, nikaona aibu.

Alfajiri tulipopata mwanga tukaanza kuokota, moja moja, kutoka kwenye mbao na kwenye samaki. Mimi naokota, yeye anahesabu kwa midomo. Nilipodhani tumemaliza akanyoosha kidole.

"Bado mbili."

Alijua idadi. Kwenye lile kopo la fujo, alijua idadi. Hizo mbili hatukuzipata, na likizo nzima nilimwona akipanda ngalawani kwa ncha za vidole, mzee wa miaka sabini na ushee, kama anayepita msikitini watu wanasali. Soli nyingine aliikata kutoka kwenye ndara yangu. Ya kulia. Vikopo hakuvitupa, bibi alivitilia iliki na karafuu.

Jumapili mama aliviminya vile vyumba kimoja kimoja, akavimwaga vidonge vyote kwenye sahani, akaanza kuvitenga kwa kidole: vyeupe huku, vya njano huku. Nikamwambia viko sawa, mama, nimevihesabu mwenyewe. Hakunijibu. Midomo ilikuwa inacheza.

"Cheupe kimoja hakipo," akasema.

Nikapiga magoti, nikaanza kutafuta chini ya kochi.