Nilivyompata Mtu wa Kumwachia Simba

Ninaishi peke yangu Mamboleo, Kisumu, pamoja na mbwa wangu Simba na paka mzee ambaye sikuwahi kumpa jina. Mwezi wa Aprili nilipokwenda Mombasa kwa semina ya siku 10, niliwaacha mikononi mwa kijana aliyenihakikishia kwamba amekulia katika boma lenye mbwa, na kwa kuwa alikuwa mcheshi na bei yake nafuu, sikumhoji zaidi. Kila jioni alinitumia picha ya Simba, nami nikalala bila wasiwasi hadi siku ya nne, nilipotambua kwamba leso ile ile ya bluu ilikuwa imeanikwa kambani nyuma ya mbwa katika picha zote, kavu kabisa, ilhali dada yangu wa Kondele alikuwa akilalamika kwamba mvua ya alasiri haijakosa hata siku moja. Picha zote zilikuwa za siku moja. Dada alipofika alimkuta Simba amefungwa mnyororo, bakuli la maji limekauka. Paka alirejea mwenyewe baada ya wiki mbili, amekonda.

Kwa hiyo safari ya Desemba, ya kusahihisha mtihani wa kitaifa wa sekondari, KCSE, Nairobi, niliianzia maandalizi mwezi mzima kabla. Safari hii sikuuliza marafiki. Nilimwendea daktari wa mifugo anayemchanja Simba dhidi ya kichaa cha mbwa kila mwaka, kwa sababu yeye ndiye anayewajua wanaokumbuka tarehe za chanjo na wanaokuja mnyama akiwa mahututi. Alinielekeza kwa mama mmoja wa Migosi, muuguzi mstaafu.

Mama huyo alipokuja hakukimbilia kumpapasa Simba kichwani kama wageni wengi wafanyavyo. Aliketi kwenye ngazi, akamgeuzia ubavu na kuacha mkono wake uning'inie mpaka mbwa akaja mwenyewe kuunusa, na muda huo wote alikuwa akinihoji mimi.

"Mwalimu, akikataa kula siku ya kwanza, nimbembeleze au nimwache? Na akiugua usiku, nina ruhusa ya kutumia pesa ngapi kabla sijakupata kwa simu?"

Swali la pili ndilo lililonituliza moyo, kwani mimi mwenyewe sikuwa nimelifikiria.

Hata hivyo nilimjaribu. Nililala usiku mmoja Kakamega, na kabla ya kuondoka nilitia alama ya kalamu kwenye mfuko wa unga na kwenye mkebe wa omena, ujanja ninaouonea haya kidogo. Vilikuwa vimepungua kwa kipimo tulichopatana. Basi nikamwachia kadi ya chanjo, nambari ya daktari, nusu ya malipo na shilingi 2,000 za dharura, pamoja na makatazo yaliyoandikwa: mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo huvunjika ikawa na ncha kali, mchuzi wenye vitunguu, na parasetamoli, kwa maana kidonge kimoja chaweza kumwua paka. Badala ya picha nilimwomba tuzungumze kwa video, naye hakuchukia nilipomsimulia habari ya leso.

Niliporudi baada ya siku 18, Simba alinirukia, kisha akaenda kulala miguuni pa mama. Mama akatoa mkobani kichupa chenye kupe wawili ndani ya spiriti, aliowang'oa sikioni mwa Simba na kuwahifadhi ili daktari awaone, halafu akanihesabia shilingi 1,650 zilizosalia na kunikabidhi risiti ya dawa.