JCM800 yenye meno: kata besi mapema, geni iache ilivyo

Mpiga gitaa akipeleka amplifaya ya vali kwa fundi hapa Kampala, ombi huwa moja tu: ongeza geni, yaani ukuzaji unaoleta mkwaruzo. Kwa Marshall JCM800, iwe 2203 ya wati 100 au 2204 ya wati 50, ombi hilo halina maana. Geni imo ya kutosha. Kinachoifanya isikike butu ni besi inayoingia kwenye vali kabla ya mkwaruzo kuanza. Uzi mnene wa E unatetema kwa Hz 82, na bendi zinazoshusha hadi D zinafika Hz 73. Besi hiyo ikifika nzima hatua ya pili na ya tatu za kukuza sauti, yenyewe ndiyo inayoijaza vali, na sauti za kati, ambazo ndizo zinazouma, zinazama kwenye uji. Kwa hiyo besi ikatwe mbele, kisha irudishwe nyuma kwa toni na spika.

Kabla ya kugusa bisibisi, angalia umeme. Amplifaya nyingi zinazofika huku ni mitumba ya Ulaya au Marekani, na umeme wa Uganda ni volti 240, Hz 50. Iliyopangwa kwa volti 220 itawaka vizuri tu, ila nyuzi za kupasha moto vali, zinazotakiwa kupata volti 6.3, zitapata karibu 6.9, na vali hazitadumu. Ya volti 120 isiyo na swichi ya kubadilisha inahitaji transfoma ya kushusha. Kwa wati 100 usinunue ya chini ya VA 500. Tena nyingi zilizouzwa Marekani zilitoka na vali za nguvu za 6550. Ukitaka kuweka EL34, aina nyingine ya vali za nguvu, pini ya 1 lazima iunganishwe na ya 8 kwenye soketi, na bayasi (mkondo wa vali za nguvu zikiwa kimya) ipangwe upya.

Halafu kuna kuua watu. Ndani mna volti 450 na zaidi, na kapasita kubwa zinaweza kuishikilia chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Chomoa plagi, shika rezista ya kilo-ohm 10, wati 5, kwa nyaya zenye mpira, gusisha kila kapasita kubwa na chesisi kwa sekunde kumi hivi, kisha pima kwa mita. Usiridhike mpaka isome karibu na sifuri. Bisibisi ya kupiga shoti ni ushamba: inachoma kapasita na inakurushia cheche machoni. Na usiiwashe kamwe bila spika, utaunguza transfoma ya kutolea sauti.

Spea za kazi hii si ghali. Rezista chukua za nusu wati za metali, si za robo wati zinazojaa madukani: za robo wati kwa kawaida hustahimili volti 250 tu, na za kaboni huleta mvumo wa shshsh kwenye hatua ya kwanza. Kapasita za volti 630 zikikosekana, fungua balbu mbovu za kubana umeme, zile za mrija uliojipinda. Bandua kitako cha plastiki bila kuvunja mrija, maana ndani mna zebaki. Kwenye saketi yake utaona kapasita za filamu, mara nyingi za kijani au kahawia. Soma maandishi: 222 ni nanofaradi 2.2, 472 ni 4.7, 223 ni 22. Herufi za mbele ndizo volti: 2A ni 100, 2G ni 400, 2J ni 630. Yenye 2A irudishe kwenye takataka hata kama thamani ni sawasawa.

Sasa kazi yenyewe. Tafuta kapasita ya nanofaradi 22 inayotoka kwenye anodi, mguu wa vali unaotoa sauti, ya hatua ya kwanza (pini ya 1 au ya 6 ya V1, vali ndogo ya kwanza; fuata waya wa jeki ya kuingizia uone unaishia gridi ipi, yaani mguu upi wa kupokea sauti) kwenda potenshomita ya geni ya megaohm 1. Ikiwa 22, inaanza kukata chini ya Hz 7, yaani haikati kitu. Weka 4.7 na mkato unaanza Hz 34, weka 2.2, Hz 72. Weka 1, Hz 159. Kwa gitaa la nyuzi sita ninayoipendekeza ni 2.2. Hapo ukibana nyuzi kwa kiganja, kila pigo linakatika peke yake. Ya nanofaradi 1 inafaa gitaa la nyuzi saba au pickup zenye besi nzito. Kwa gitaa la kawaida inakausha sauti mno. Usianze kukata kapasita nyingine zote kwa pamoja. Badilisha hii moja, piga kwa sauti ya jukwaani, kwa sababu chumbani kila kitu kinaonekana kimepungua besi.

Ukishaiweka, pima volti za DC upande wa potenshomita. Lazima iwe sifuri. Ukikuta hata robo volti, kapasita inavuja, na utaisikia: nobu ya geni ikizungushwa inakwaruza.

Kapasita ya kathodi (mguu wa tatu wa vali) ya hatua hiyohiyo ni mikrofaradi 0.68 pamoja na rezista ya kilo-ohm 2.7. Iache. Ukikuta fundi aliyetangulia ameweka 22 au 25, hapo ndipo uvundo wa besi ulipoingilia, rudisha 0.68.

Hatua ya pili ina rezista ya kathodi ya kilo-ohm 10 isiyo na kapasita. Inaifanya vali ikae baridi, hivyo upande mmoja wa wimbi unakatwa mapema kuliko mwingine, na ukali mwingi wa JCM800 unatoka hapo. Wengi wamesoma kwamba Soldano SLO-100 na Mesa Dual Rectifier zinatumia 39, basi wanaichomeka 39 kisha wanashangaa amplifaya imekuwa dhaifu. Ni hesabu: kwa 10 hatua hiyo inakuza kama mara 8, kwa 39 inabaki kama mara 2. Amplifaya zile zina saketi iliyopangwa kufidia upungufu huo. Kwenye Marshall jaribu 15, mwisho 22.

Mbele yake kuna rezista mbili za kilo-ohm 470 zinazogawa sauti kabla ya hatua ya tatu. Kuna ushauri wa kuiondoa ile ya kwanza ili geni ipande. Usithubutu. Gridi ya hatua ya tatu itavuta mkondo, kapasita ijichaji, na kila pigo zito litafuatwa na sauti kukatika na kurudi ikijamba.

Kapasita ya nanofaradi 1 iliyo juu ya potenshomita ya geni inatoboa masikio geni ikiwa chini; geni ikifika 10, kapasita hiyo haifanyi kazi yoyote. Pikofaradi 470 inatosha. Rezista ya kilo-ohm 100 inayorudisha sauti kutoka transfoma ya spika, ukiipandisha hadi 220, sehemu ya nguvu inakuwa mbichi zaidi na nobu ya Presence, ya sauti kali za juu, inapungua nguvu. Kuiondoa kabisa kunalegeza besi, yaani unaharibu ulichokitengeneza.

Bayasi: chomelea rezista ya ohm 1, wati 1, kati ya pini ya 8 na ardhi kwa kila EL34; milivolti 1 ni miliampia 1. Vali hiyo inabeba wati 25 kwenye anodi. Kwa volti 450, asilimia 70 ni miliampia 39, lakini kwa sauti kali inayobana kaa kwenye 33 hadi 36. Pima wakati umeme uko juu, usiku watu wakishazima majiko na pasi. Ukipanga jioni ukuta ukiwa na volti 215, usiku vali zinaweza kuwa nyekundu.

Ikipiga filimbi geni ikipanda, chanzo karibu kila mara ni nyaya. Rezista ya kilo-ohm 68 ya kuingilia ihamie kwenye pini ya gridi yenyewe, waya wa kuingilia uwe wa shildi iliyofungwa ardhini upande mmoja tu, na nyaya za anodi ziwe fupi, zikipishana na za gridi kwa pembe mraba. Kuutafuta waya wenye kosa, washa, mkono mmoja mfukoni, sukuma nyaya kwa kijiti kikavu cha muchomo (nyama choma) kisicho na mafuta. Ikiwa makelele yameanza baada ya kubadilisha transfoma ya kutolea sauti, badilishana nyaya mbili za anodi za vali za nguvu. Nyaya zikiwa safi na bado inalia, gonga V1 taratibu kwa kijiti hichohicho: ikijibu kwenye spika, ihamishie V3 na ulete ya V3 mbele, pale nyuma haitasumbua.